Yona ni Ulevi: Aina za Maneno katika Majibu ya Fasihi

"Yona ni ulevi."

Sentensi hii niliipata katika karatasi ya fasihi ya mtihani wa majaribio. Swali lilimtaka mtahiniwa aeleze sifa za Yona katika *Bembea ya Maisha*, tamthilia ya Timothy Arege. Nilipiga mstari mwekundu chini ya neno *ulevi*, nikaandika "sifa?" pambizoni, kisha nikamnyima alama. Siku ya kurejesha karatasi mwenyewe alikuja hadi mezani pangu.

"Mwalimu, kwani Yona halewi?"

Analewa. Pombe ndiyo iliyomtoa katika kazi ya ualimu na kuivuruga nyumba yake.

"Basi jibu si lipo?"

Sikuwa na jawabu la haraka. Mwanafunzi yule alikuwa amekisoma kitabu na kukielewa. Alichokosa ni aina ya neno. Nilimwambia aende, tutazungumza baadaye, kisha nikafungua maandalio yangu ya somo ili nijiandae kumjibu. Hapo ndipo nilipopata haya. Chini ya kichwa "Maudhui" nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu: ndoa, malezi, elimu, mlevi. Kosa lake mimi nililitenda kinyume chake, na darasa zima lilikuwa limelinakili.

Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba kosa la aina ya neno katika jibu la fasihi si kosa la sarufi peke yake. Aghalabu ni kosa la uhakiki. Mtahiniwa anayechanganya nomino, kivumishi na kitenzi huwa anachanganya pia maudhui, sifa na ushahidi. Anayekosea kihusishi huenda akamwondolea mhusika lawama anayostahili pasi na kujua.

Sarufi ya Jumatatu na fasihi ya Alhamisi

Tunapofundisha aina za maneno, kwa kawaida tunazitaja nane: nomino, kiwakilishi, kivumishi, kitenzi, kielezi, kiunganishi, kihusishi na kihisishi. Mwanafunzi huzikariri pamoja na herufi zake, N, W, V, T, E, U, H na I, akachora vielelezo matawi, akapata alama zake katika Karatasi ya Pili. Kisha huliweka daftari la sarufi chini ya dawati na kutoa la fasihi. Katika fikra zake, hayo ni masomo mawili ambayo yanafundishwa na mtu mmoja tu kwa sababu shule haina walimu wa kutosha.

Sisi walimu ndio tuliomfunza hivyo. Ni nadra kumsikia mwalimu wa *Kigogo* akisimamisha somo ili aulize: neno hili ulilotumia kumweleza Majoka, ni nomino au ni kivumishi? Mwenzangu anayefundisha Kiingereza ananiambia kuwa naye huona jambo hilohilo. Mwanafunzi aliyeandika "Tunu ni ujasiri" katika karatasi yangu huandika *she is very courage* katika yake, ilhali alitakiwa kuandika *courageous*. Tofauti ni kwamba Kiingereza mara nyingi hubadilisha mkia wa neno ili kulibadilishia kazi, nacho Kiswahili hubadilisha kichwa, na pengine kichwa na mkia kwa pamoja. Mwanafunzi ambaye hakuzoezwa kutazama ncha zote mbili za neno huteleza katika lugha zote mbili.

Mzizi mmoja, kazi tatu

Hebu tuurudie mzizi wa neno lililozua mjadala. Kutokana na *kulewa* tunapata *mlevi* na *ulevi*. Kila moja lina nafasi yake katika jibu.

*Amelewa* ni kitenzi. Kinaeleza tukio, jambo lililotendeka katika onyesho fulani, na huo ndio ushahidi. *Mlevi* ni nomino inayomtaja mtu kwa mwenendo wake, na hiyo ndiyo sifa. *Ulevi* ni nomino dhahania, nayo hutaja jambo ambalo mwandishi analichunguza kupitia kwa Yona na athari zake kwa Sara na watoto wao. Hayo ndiyo maudhui. Mtu anaweza kulewa siku moja bila ya kuwa mlevi. Mwandishi naye anaweza kushughulikia ulevi hata kama mlevi mwenyewe ameshaacha chupa.

Swali linaposema "eleza sifa", linataka neno linaloweza kukaa baada ya jina la mhusika na *ni*, likafuatwa na kitenzi kinacholithibitisha. *Yona ni mlevi. Anakunywa pombe hadi anapoteza kazi yake ya ualimu.* Sentensi ya kwanza inadai, ya pili inathibitisha. Mtahiniwa aliyeandika "Yona amelewa" na kuishia hapo ametoa ushahidi usio na dai. Aliyeandika "Yona ni mlevi" bila kuendelea ametoa dai lisilo na ushahidi. Swali linaposema "jadili maudhui", nomino ya mtu haifai. Hakuna maudhui ya *msaliti*. Kuna maudhui ya *usaliti*.

Ukiwachorea wanafunzi safu tatu ubaoni, yaani kitenzi, mtu na dhana, wataona wenyewe jinsi maneno yanavyojipanga: kusaliti, msaliti, usaliti, kuvumilia, mvumilivu, uvumilivu, kulaghai, laghai, ulaghai. Tatizo huanza mnapofika kwa maneno yenye asili ya Kiarabu, ambayo hayana kiambishi *m-* cha kumtambulisha mtu. *Katili, jasiri, fisadi, dhalimu* na *laghai* hayana alama yoyote mwanzoni, kwa hivyo mwanafunzi hukosa kujua anashika nini. Familia ya *kudhulumu* ndiyo inayosumbua zaidi: anayetenda ni *dhalimu*, tendo lenyewe ni *dhuluma*, tabia ni *udhalimu* na anayetendewa ni *mdhulumiwa*. Nimesoma majibu mengi yanayodai kuwa "Majoka ni dhuluma". Siku moja nilisoma kwamba "Majoka ni mdhulumiwa wa Sagamoyo". Mwandishi wake alitaka kusema dhalimu, lakini sentensi yake ilimfanya mtawala kuwa mnyonge na kuwageuza raia kuwa watesi wake. Kiambishi kimoja tu kiligeuza tamthilia nzima ya Pauline Kea juu chini.

Yapo pia maneno ambayo ni nomino na hayana kivumishi chake, nayo ndiyo hutumika sana katika kueleza wahusika: *bidii, huruma, tamaa, busara, hekima, subira*. Hatusemi "Neema ni huruma" wala "Neema ni bidii". Lugha ina njia ya kuyasaidia maneno haya, nayo ni *-enye*, au kitenzi *kuwa na*: *Neema ni mwenye huruma, Neema ana huruma*. Hapa jihadhari na ile *ako na huruma* ya mitaani, ambayo siku hizi inapenya hadi kwenye karatasi za watahiniwa wazuri. *Ana* inatosha.

Jambo moja kabla sijaendelea. Jina la tamthilia *Kigogo* lina mtego wake. Kigogo ni gogo dogo, na pia ni mtu mwenye cheo au mamlaka makubwa. Ukiandika "kigogo hiki kinawakandamiza raia", umesema kwamba kipande cha mti ndicho kinachowakandamiza watu. Mtu huchukua upatanisho wa A-WA hata kama jina lake linaanza kwa *ki-*: *kigogo huyu anawakandamiza raia*. Isipokuwa, bila shaka, mhakiki awe amekusudia kumdunisha, kama tunavyosema *kijitu hiki*. Mtahiniwa mmoja katika mia huwa amekusudia. Waliosalia wameteleza tu.

Nani aliyechoma?

Nimelitengea suala hili nafasi kubwa kwa kuwa ndilo linalonisumbua zaidi. Katika *Chozi la Heri*, riwaya ya Assumpta Matei iliyotahiniwa kabla ya *Nguu za Jadi* ya Clara Momanyi, Ridhaa anapoteza familia yake katika ghasia zinazofuata uchaguzi. Watahiniwa wanne wanaweza kuliandika tukio hilo kwa namna nne:

(a) Familia ya Ridhaa iliteketea.
(b) Familia ya Ridhaa iliteketezwa na moto.
(c) Familia ya Ridhaa iliteketezwa kwa moto.
(d) Familia ya Ridhaa iliteketezwa na jirani yao, Mzee Kedi.

Sentensi zote nne ni sahihi kisarufi. Hakuna msahihishaji atakayepiga mstari mwekundu chini ya yoyote kati yazo. Hata hivyo, kama swali lilihusu ukatili au uhasama wa kikabila, majibu haya hayalingani hata kidogo.

Katika (a), kitenzi *kuteketea* hakihitaji mtendaji. Ni kama *kuungua, kuanguka* au *kupotea*. Kitu kimefikwa na jambo, basi. Mtu anaweza kuiandika sentensi hiyo kuhusu nyumba iliyoungua kwa sababu ya mshumaa uliosahauliwa. Katika (b) kitenzi kiko katika kauli ya kutendwa, na baada yake linakuja neno *na*, ambalo hapa kazi yake ni kumtaja mtendaji. Moto umepewa nafasi ya mtendaji. Kiswahili kinaruhusu jambo hilo, kwani twasema mtu amepigwa na radi au amechukuliwa na mafuriko. Lakini moto hauna kabila, haupigi kura wala haumchukii jirani. Aliyetumia (b) kuthibitisha ukatili ameulaumu moto.

Sentensi ya (c) inatumia *kwa*, na hapo moto unarudi mahali pake, yaani chombo kilichotumiwa. Sikio la msomaji linabaki wazi likiuliza: na nani? Swali hilo linajibiwa na (d). Anayejibu vizuri zaidi huziunganisha mbili hizo: *Familia ya Ridhaa iliteketezwa kwa moto na jirani yao, Mzee Kedi*. Chombo kimechukua *kwa*, mtendaji amechukua *na*. Neno *jirani* nalo linaongezea hoja uzito, maana ukatili wa mtu uliyeishi naye ua kwa ua hauwi sawa na wa mgeni.

Nilipoziandika sentensi hizi ubaoni, nilidhani ninafundisha kauli za vitenzi. Kabla ya kengele kulia, darasa lilikuwa limegundua kwamba watu wengi wazima wanapozungumzia mambo ya mwaka wa 2007 na 2008 hutumia sentensi ya aina ya (a): nyumba ziliungua, watu walihama, mali ilipotea. Baadhi ya wanafunzi hao wamezaliwa katika familia zilizohama. Sikuongeza neno. Ila tangu siku hiyo, sijapata tena shida ya kulieleza darasa kwa nini mhakiki hana budi kuchagua kati ya *na* na *kwa*, au kati ya kutendwa na kutendeka.

Funzo hilo linafaa pia katika tamthilia. Tunu anapovamiwa, andika amevamiwa *na* nani na *kwa* amri ya nani. Ukiandika tu kwamba Tunu aliumia, Majoka anakuwa ametoka mlangoni bila kuulizwa chochote.

Kazi inayobebwa na kitenzi

Makosa mengi ya vihusishi hutokana na mwanafunzi kutafuta kijineno cha Kiswahili kwa kila kijineno cha Kiingereza. Kwake *to* lazima iwe *kwa*, na *for* lazima iwe *kwa ajili ya*. Anaandika "Majoka anasema kwa Ashua" badala ya *Majoka anamwambia Ashua*. Anaandika "Sudi alikataa kuchonga kinyago kwa ajili ya Majoka". Sentensi hiyo ya pili si mbovu, lakini imebeba mzigo usiohitajika: *Sudi alikataa kumchongea Majoka kinyago*. Kauli ya kutendea imekwisha kufanya kazi ya kihusishi ndani ya kitenzi.

Kitenzi *kupa* kinastahili kutajwa peke yake, maana kimeharibiwa kuliko vyote. Kwanza kimegeuzwa kuwa *kupea*: "alimpea" kwa maana ya *alimpa*. Kisha kimechukuliwa katika kauli ya kutendana na kufanywa kitenzi cha kawaida: "Mwandishi amepeana mfano wa ufisadi." Kupeana huhitaji watu wawili, huyu ampe yule na yule ampe huyu. Mwandishi akipeana mfano, atakuwa anapeana na nani? *Mwandishi ametoa mfano.* Ninakiri kwamba kosa hili nimelisikia katika warsha za walimu, tena kutoka jukwaani.

Kauli huleta fedheha nyingine katika habari za ndoa. "Neema alioa Bunju" ni sentensi ambayo haikosekani katika madarasa yetu. Mwanamume huoa, mwanamke huolewa, na wote wawili huoana. Iwapo mtahiniwa anaona kwamba lugha inampendelea mwanamume kwa kumfanya mtendaji kila siku, hilo ni wazo zuri la uhakiki wa kijinsia. Aliandike waziwazi kama hoja, asilifiche ndani ya kosa.

Kuhusu virejeshi nitakuwa mfupi. *Amba-* na *-ye-* ya ndani ya kitenzi hufanya kazi moja, kwa hivyo "mhusika ambaye aliyemsaliti Tunu" amelipia nauli mara mbili. Chagua moja: *ambaye alimsaliti* au *aliyemsaliti*. Nalo *ambapo* limekuwa gundi ya kila kitu: "Hadithi hii ambapo inahusu tamaa", "Majoka ambapo ni dhalimu". *Ambapo* hurejelea mahali au wakati. Hadithi ni *ambayo*, Majoka ni *ambaye*. Hali kadhalika mtindo wa "mwandishi ametumia tashbihi wakati Sudi anasema" ungesomeka vyema kama *mwandishi ametumia tashbihi Sudi anaposema*. Neno *wakati* si kosa, lakini *-po-* iko pale pale kwenye kitenzi, haina gharama.

Kiunganishi ni hoja

Mhakiki hujenga hoja yake kwa viunganishi. Linganisha: *Sara anavumilia kwa sababu ni mgonjwa* na *Sara anavumilia licha ya kuwa mgonjwa*. Wa kwanza anatuambia kwamba uvumilivu wa Sara ni udhaifu wa mwili, hana la kufanya. Wa pili anatuambia kwamba ni nguvu ya moyo. Hizo ni hakiki mbili tofauti, na kila moja inahitaji ushahidi wake. Mtahiniwa aliyeokota kiunganishi chochote kilichomjia kalamuni huenda akajikuta anaitetea hoja asiyoiamini.

Kuna kanuni ndogo inayookoa alama nyingi. *Licha ya, kwa sababu ya, kutokana na, mbali na* ni maneno ya kihusishi. Baada yake inakuja nomino au kitenzijina. Huwezi kuandika "licha ya alikuwa maskini". Andika *licha ya umaskini wake* au *licha ya kuwa maskini*. *Ingawa, ijapokuwa, kwa sababu* na *kwani* hutangulia sentensi iliyo na kitenzi chake: *ingawa alikuwa maskini*. Wengi huanza na *ingawa*, wakaongeza *lakini* katikati: "Ingawa Sara aliteswa lakini hakumwacha mumewe." Mojawapo linatosha. Nalo *bali* halichukui nafasi ya *lakini* popote tu. Hupenda kutanguliwa na ukanushi: *Majoka hawaogopi wapinzani tu, bali anawaogopa hata washauri wake.* Kama hoja hiyo ni ya kweli au la, nawaachia wanafunzi wako wabishane.

Maskini!

Ziko nyakati ambapo mwanafunzi hakosei, ila sisi ndio tunaomkosea kwa kudai kwamba neno lina aina moja tu. Chukua *maskini*. Katika *maskini wa Sagamoyo wanateseka* ni nomino. Katika *mama maskini anauza maembe* ni kivumishi. Katika *Maskini! Hata soko limefungwa* ni kihisishi, tena kina thamani kubwa kwa mhakiki kwa sababu hakitoi habari, kinatoa moyo wa msemaji. Ukiulizwa kuhusu toni ya dondoo, vihisishi ndivyo vya kutazama mwanzo. *Ebo!* lina dharau na hasira, *Lo!* lina mshangao, *Ole wako!* lina tishio. Nimeona walimu wakiwaambia wanafunzi waruke "vijineno" hivyo na kwenda moja kwa moja kwa maneno yenye uzito. Katika tamthilia uzito umo humo.

Neno *na* nalo lina kazi nyingi zaidi. Huunganisha, hutaja mtendaji na huonyesha umilikaji linapoungana na kiambishi cha nafsi kama katika *ana*. Ndiyo sababu swali la "hili ni neno la aina gani?" halina maana nje ya sentensi. Katika darasa langu nimelipiga marufuku. Tunauliza: hapa linafanya kazi gani?

Je, apewe alama?

Sasa nirudi kwa yule aliyeandika "Yona ni ulevi". Katika meza za usahihishaji wa mitihani ya pamoja nimesikia misimamo miwili. Kuna wanaosema hoja imeonekana, apewe alama ya hoja na atozwe kosa la sarufi peke yake. Kuna wanaosema sifa haikutajwa, kwa hivyo hakuna cha kutuzwa. Mwongozo wa kusahihisha ndio hakimu pale unapotoa uamuzi, na msahihishaji hana ruhusa ya kuupinga kwa huruma yake. Lakini mwongozo huorodhesha hoja. Hauwezi kutabiri kila namna ambayo mtahiniwa ataiharibu hoja hiyo.

Kwa maoni yangu, tutazame sentensi inayofuata. Ikiwa mtahiniwa ameendelea kueleza kwa kitenzi kilichokaa sawa kwamba Yona anakunywa hadi anaachishwa kazi, basi ameonyesha kwamba anajua Yona ni nani. Kosa lake ni la umbo la neno. Ikiwa amesimama kwenye *ulevi*, hatuna njia ya kujua kama alikuwa anataja sifa au alikuwa amekariri orodha ya maudhui na kuimwaga kwenye swali lisilohusika. Huyo wa pili hajajibu.

Niliichukua tena karatasi ya yule kijana, nikasoma mbele ya ule mstari wangu mwekundu. Alikuwa ameandika: "Yeye hunywa mpaka mkewe anapata shida sana." Kitenzi kilikuwepo, ushahidi ulikuwepo ingawa ni wa juujuu. Nikamwita, nikamwonyesha safu tatu, akaliandika jibu upya mbele yangu bila msaada. Nilimpa nusu ya alama. Nusu iliyobaki anaidai hadi leo. Kila akinikuta ukumbini, hunikumbusha kwamba aliyeandika "Maudhui: mlevi" ubaoni hakukatwa chochote.